Papa wa picha, papa wa chungu

Mpwa wangu alishuka stendi ya Nyegezi alfajiri, amekumbatia deli kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na nyama ya papa. Alimvua mwenyewe kwa fimbo na mshipi, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwenye boti aliyochangiana na wenzake kuikodi siku ya mapumziko. Picha ilikuwa imeshatufikia kwenye kundi la familia: vijana wanne wamechuchumaa, papa mwenye urefu wa mtu mzima amelazwa chali mapajani mwao, taya limetegwa kijiti ili meno yaonekane. Mama zake wadogo walimwaga hongera. Babu yake, yaani baba yangu mimi, aliyevua Ukerewe tangu enzi za kasia, aliandika maneno mawili tu: “Analiwa huyo?”

Tulipofungua deli jikoni, harufu iliyotoka ilikuwa ya choo cha stendi saa sita mchana. Macho yaliwasha. Barafu ilikuwa imeishia njiani, nadhani kabla hata ya Singida, na vipande vilikuwa vinaelea kwenye maji mekundu mekundu. Mke wangu alisema kitu kimeoza, kitupwe. Akaitwa jirani yetu, mama wa Kitanga aliyeolewa huku Mwanza miaka mingi, aje atoe hukumu. Hakuhitaji kuinama, harufu ilimpokea mlangoni.

“Mlimtoa damu saa ngapi?” alimuuliza kijana.

“Tulipofika nchi kavu, mama. Tulipiga picha kwanza.”

“Basi hakuoza, mwanangu. Mlimchelewesha.”

Nyama ile tuliifukia chini ya mpapai, na mpapai haujalalamika. Ila neno la yule mama halikufukika. Wiki nzima nimekuwa nikiligeuza, maana kumbe kati ya kuvua na kula siku hizi pameingia kitu cha tatu, picha, na hicho nacho kinakula.

Ninachotaka kusema ni chepesi kutamka na kigumu kumweleza kijana mwenye simu nzuri. Papa wa picha na papa wa chungu ni samaki wawili tofauti. Karibu kila kinachompendezesha papa kwenye picha, yaani ukubwa wake, saa nzima ya kuvutana naye, kule kumtandaza juani kila mtu apate zamu, kinampunguzia kufaa kuliwa. Na yule anayefaa picha kuliko wote ndiye hasa ambaye bahari ilikuwa ikimtaka abaki majini. Anayesema “nilimuua, lakini nilimla” huona amemaliza shauri. Kwa sato maneno hayo yangenitosha. Kwa papa nina maswali zaidi.

Tuanze na harufu, kwa sababu sisi wa maji baridi hatuijui. Sangara akiwa ziwani, maji yanajipenyeza mwilini mwake muda wote, kwa kuwa ndani yake mna chumvi kuliko nje. Kazi yake kubwa ni kukojoa. Baharini mambo hugeuka: chumvi ya nje huyavuta maji yatoke mwilini. Samaki wengi wa bahari huinywa hiyo bahari na kuitoa chumvi kwa matamvua. Papa ana ufundi wake. Yurea, uchafu uleule ambao mimi na wewe tunautoa kwenye mkojo, yeye anaihifadhi kwa wingi katika damu na nyama, mpaka mwili wake unalingana na bahari na maji yanakosa sababu ya kumkimbia. Akiwa hai ni maajabu. Akishakufa, bakteria huivunja yurea ile ikawa amonia, na hiyo amonia ndiyo iliyotuwasha macho.

Kwa hiyo papa ana saa inayoanza kuhesabu pale anapokufa. Wanaoijua kazi humdhibiti kwanza kwa kamba ya mkiani akiwa bado ubavuni mwa chombo, maana papa anayedhaniwa amekufa ameshang'ata miguu ya wengi. Kisha humkata pale kwenye matamvua au mkiani damu imwagike, wakampasua, wakatoa matumbo palepale, wakamjaza barafu tumboni. Yote haya hufanyika baharini, kabla ya nanga, kabla ya ufuko, na kabla ya simu kutoka mfukoni. Kisheria samaki hachinjwi, kila Mwislamu wa pwani anajua. Jirani yetu anasema sheria ya jikoni ni nyingine: papa asiyechinjwa ni haramu ya pua.

Baadaye ndipo zinakuja ndimu, siki au maji ya chumvi ya kulowekea. Asidi huifunga amonia, ndiyo maana ndimu inasaidia kweli na si mazoea ya wapishi tu. Lakini ndimu haifufui. Inamsafisha papa aliyehudumiwa mapema. Aliyekaa juani saa mbili akipigwa picha, hata ukimuogesha siki pipa zima, utakula siki yenye amonia.

Mpwa wangu alijitetea, na utetezi wake haukuwa wa kijinga. “Mjomba, tatizo lilikuwa barafu na safari. Angekuwa mbichi ungemsifia.” Inawezekana. Kuna nchi ambazo papa ni chakula cha kila Ijumaa bila mtu kujikuna kichwa. Australia, ukinunua samaki wa kukaanga na chipsi, mara nyingi unakula papa mdogo aliyebadilishwa jina ili asitishe wateja. Uingereza nako kuna papa mdogo aliyeuzwa kwa jina la samaki mwingine mtamu. Huko Iceland humchachua papa wa baridi kali kwa wiki kadhaa, kisha wakamtundika miezi akauke, na bado wageni humla wakiwa wameziba pua. Pwani yetu wala sihitaji kueleza: papa wa nazi ana heshima zake kutoka Vanga hadi Mtwara. Sibishani na nyama. Nabishana na ukubwa.

Mchezo wa kuvua kwa fimbo hupimwa kwa kilo. Chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za mchezo huo, IGFA, kilianzishwa 1939, na rekodi yake inayotajwa sana ni ya papa mweupe wa kilo 1,208 aliyenaswa na Alfred Dean huko Ceduna, Australia, mwaka 1959. Sangara naye yumo: kilo 104, Ziwa Nasser, Misri, Desemba 2000. Rekodi ya samaki aliyekolea vizuri kwenye mchuzi haipo. Ingekuwapo, ingeshikwa na mama fulani wa Chake Chake au Mkwajuni kwa kipande kisichozidi kiganja.

Papa mkubwa ni papa mzee, na papa mzee amekula samaki wengi waliokula samaki wengine, kila mmoja na chembe zake za zebaki. Zebaki hutoka mwilini polepole mno, kwa hiyo inapanda ngazi ya ulaji na kujazana kwa aliye juu. Ndiyo maana Marekani mamlaka ya chakula imemweka papa kwenye orodha fupi ya samaki ambao wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wanashauriwa wasile kabisa. Kuna hatari nyingine ambayo ni adimu lakini inatisha. Mwaka 1993, huko Manakara, Madagaska, watu zaidi ya 180 walidhurika kwa kula papa mmoja mkubwa wa jamii ile inayopanda mito kama Zambezi, na makumi wakafariki. Sumu ilikuwa ndani ya samaki mwenyewe, na moto wa jiko haukuiondoa. Sisi na Madagaska ni majirani wa bahari moja. Sioni kwa nini habari hiyo tuifanye ya watu wa mbali.

Watu wa Mwanza mtaniuliza papa wananihusu nini. Ziwani hawapo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hata huyo papa anayependa mito hawezi kuukwea Mto Nile na maporomoko yake. Murchison peke yake yalitosha kumzuia sangara, ambaye alikuwa Ziwa Albert, chini ya maporomoko hayo, kwa maelfu ya miaka bila kufika kwetu.

Mpaka alipobebwa. Na hapo ndipo papa wa mpwa wangu anaponihusu. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alilichunguza Ziwa Victoria, na katika ripoti yake ya 1929 alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka mahali pengine kungekuwa hatari kubwa. Miaka ya 1950 maofisa upande wa Uganda wakaanza kumleta sangara hata hivyo, na mabishano ya wataalamu yakaendelea huku samaki ameshaingia majini. Sababu zilizotolewa ni mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chungu: furu walikuwa tele, wadogo, wenye miiba, na ikaonekana afadhali wageuzwe kuwa nyama ya samaki mkubwa. Ya pili ilikuwa ya picha. Mabwana walitaka samaki wa kupigana naye Jumapili.

Sisemi sangara aliletwa kwa ajili ya mchezo peke yake. Nasema mchezo ulikaa mezani wakati uamuzi unafanywa, na wavuvi wa Ukerewe, Kome na Ukara hawakukaa. Kufika miaka ya 1980 ghuba yetu ya Mwanza ilikuwa imebadilika mbele ya macho ya watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakihesabu furu papa hapa. Ziwa lililokuwa na spishi karibu 500 za furu likapoteza nyingi zisihesabike vizuri. Sangara hakuwa mkosaji pekee, maana maji nayo yalichafuka na kupungukiwa hewa, lakini mdomo wake ulikuwa mkubwa. Baba anasema kuna furu aliyekuwa anaitwa kwa jina lake peke yake kijijini kwao. Jina lipo, samaki hayupo.

Pamoja na hayo, siwezi kumlaani sangara. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwake. Viwanda vya minofu vilivyofuata, nyumba za Igombe na Kayenze, mabasi, hata wake wa pili wa watu ninaowajua, vyote vina harufu ya sangara. Na sangara anasamehe. Jike moja kubwa hutaga mayai kwa mamilioni, anaanza uzazi mapema kuliko binadamu anavyomaliza darasa la saba, na ziwa likimpa nafasi anarudi. Papa hasamehi hivyo. Chukua mako, papa wa bahari kuu mwenye mwendo kuliko papa wote: jike hukaa karibu miaka 18 au zaidi kabla ya kupevuka, hubeba mimba kwa mwaka na robo au zaidi, huzaa watoto kuanzia wanne hadi ishirini na kitu, kisha hupumzika. Kasi yake ya kuzaa iko karibu na ya ng'ombe na tembo kuliko ya samaki. Mtu akiniambia “samaki ni samaki”, namwona amekosea hesabu kabla ya kukosea maadili.

Mako huyo, nikiri, anaiharibu kidogo hoja yangu ya picha na chungu. Yeye anafaa kote. Anaruka juu ya maji akinaswa, anapigana kama amerukwa na akili, na nyama yake ni nyeupe, imara, haina harufu kali akihudumiwa mapema. Wavuvi wa burudani wa Marekani walimpenda kwa sababu hizo zote, na meli za biashara zikamnasa kwa wingi. Matokeo? Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya CITES ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa, na tangu Julai 2022 wavuvi wa Marekani, wa fimbo na wa meli, wamekatazwa kabisa kumchukua mako wa Atlantiki. Kwa hiyo nairekebisha kauli: papa wengi huharibiwa na picha wasifike chunguni, mmoja alipotokea anayetosha vyote viwili, alivuliwa kupita kiasi.

“Basi tuvue wadogo,” ndugu zangu mtasema. Hapa ndipo kanuni nyingi nzuri hujikwaa, na hapa sisi wa ziwani tuna la kuwafundisha wa pwani. Dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba ana urefu wa kidole, lakini ni mtu mzima mwenye familia. Sangara wa sentimita 40 ni mkubwa mara nyingi kuliko dagaa, na bado ni mtoto. Ndiyo maana kipimo chetu cha chini ni sentimita 50, na kwa miaka mingi kanuni zilitaka hata aliyezidi 85 aachwe kwa sababu huyo ndiye mzazi mkuu. Mdogo na mtoto si neno moja. Papa mdogo wa Australia anayeliwa na chipsi ni wa jamii isiyokuwa kubwa sana, na macho ya nyavu zao yanapimwa yanase wa umri wa kati na kuwapitishia mbali majike makubwa. Papa “mdogo” unayemkuta mnadani pwani, ametoka kwenye wavu wa jarife pamoja na samaki taa na kasa, anaweza kuwa mtoto wa papa mwenye kichwa cha nyundo ambaye angefika mita tatu. Kwa jicho la mnunuzi wote ni papa. Duniani kuna zaidi ya spishi 500 za papa, wazee wa pwani wana majina ya wengi wao, lakini nahodha wa boti ya kukodi alipoulizwa na mpwa wangu ni papa gani, alijibu: “Papa tu.” Wageni wamelipa, mshipi umevuta, mengine ya nini.

Na pesa huvuta upande uleule wa picha. Kwa papa ni pezi. Kwa miongo mingi soko la mapezi ya supu, Hong Kong likiwa kitovu chake, lilifanya kiungo kimoja kiwe na thamani kuliko mwili mzima, na kuna waliokata mapezi wakamtupa papa baharini akiwa hai. Tunashtuka tukisikia. Halafu tunakwenda mwaloni, ambako bondo la sangara, kile kifuko cha hewa, linapimwa kwa makini ya dhahabu na kusafirishwa kwenda hukohuko China, wakati nyama inapigiwa kelele ya bei. Samaki mkubwa ndiye mwenye bondo kubwa. Mtu aliyekula mapanki miaka ya shida, akikwangua nyama kwenye mfupa ulioachwa na kiwanda, anajua vizuri maana ya samaki kuwa wa mtu mwingine sehemu nzuri na wako sehemu iliyobaki.

Kuna wanaosema dawa ni kuachia: vua, piga picha, rudisha. Kule Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, wageni huja na fimbo zao kwa ajili ya sangara, na desturi ya mchezo huo siku hizi ni kumrudisha majini. Naipenda kuliko kuua. Ila nayo haiko safi kama inavyotangazwa. Sangara aliyevutwa haraka kutoka kwenye kina hupanda na bondo lake limevimba kama puto, tumbo linajaa, matumbo yanasukumwa mdomoni. Ukimwachia anaelea ubavu mpaka furukombe amwone. Papa hana bondo, kwa hiyo kina hakimsumbui, lakini huyo mwenye kichwa cha nyundo hupigana mpaka damu yake yenyewe inamharibu, na wengi hufa baada ya kuachiwa, mbali na macho na mbali na picha. Atakayemwachia papa kwa nia njema avute haraka, amwache ndani ya maji, akate mshipi karibu na ndoano. Picha ya namna hiyo huwa mbaya. Inaonyesha mgongo na povu.

Nimesema mengi ya kukataza, na mtu anaweza kudhani simtaki papa mezani. La hasha. Wiki ile ile, kama vile kutufuta aibu, jirani aliletewa mzigo kutoka Tanga: papa mkavu, vipande virefu vyembamba, vigumu kama ubao wa dau, vimefungwa kwenye gazeti na mfuko wa salfeti. Vilisafiri njia ndefu kama ile ya deli, bila barafu, bila wasiwasi. Hapo nilicheka peke yangu. Pwani walilimaliza tatizo la mpwa wangu zamani, kwa kisu, chumvi na jua. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Somalia yalileta papa mkavu mpaka Unguja, karne na karne, na ini la papa halikutupwa: likatoa sifa, yale mafuta yanayonuka ya kupaka mbao za vyombo. Sisi pia tunaijua hekima hiyo. Kayabo, sangara wa chumvi anayevuka mpaka kwenda Kongo, ni ndugu wa papa mkavu kwa baba na mama.

Jirani alimloweka usiku kucha, akabadilisha maji mara mbili. Asubuhi akamchemsha, akayamwaga yale maji, akamkwangua ngozi, maana ngozi ya papa ni msasa mtupu na ukiiacha utadhani umepikiwa mchanga. Mfupa hakuna, ni gegedu laini, inatoka kwa vidole. Akachambua nyama nyuzi nyuzi. Kitunguu kingi kikakaangwa mpaka kikaanza kubadilika rangi, nyanya, bizari, kitunguu saumu, pilipili nzima isiyopasuliwa. Papa akaingia akakaushwa kidogo humo, likafuata tui jepesi, mwishoni tui zito na ukwaju. Nazi huku kwetu ni ghali na nyingine hufika zimezeeka. Alivunja nne akazikubali mbili. Sisi tukachangia ugali wa udaga. Mtu wa Tanga angependa wali, lakini ugali ule mweusi wenye uchachu kidogo ulikaa na mchuzi kama walioposana.

Kiasi alichotumia kwa watu wanane hakikuzidi nusu kilo. Nalitaja hilo makusudi. Papa mkavu ni kiungo na kitoweo kwa pamoja. Kidogo kinasema sana. Yule wa picha alikuwa na nyama ya kulisha mtaa, na hakulisha mtu.

Baba alikuwa amevuka na kivuko kutoka Nansio siku hiyo, kwa mambo yake ya hospitali. Akala kimya, kama anavyokula kila kitu. Tonge la nne hivi ndipo akamgeukia mjukuu wake.

“Yule wako alikuwa dume au jike?”

Kijana akasema hajui, babu, samaki anajulikanaje.

“Kwetu sangara mkubwa ni jike,” baba akasema. “Nauliza huko kwenu.”

Jirani akajibu huku anapakua, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno mbele ya wakwe. Papa dume hafichiki, alisema. Ana viungo viwili kama vidole, huku chini, pembeni mwa mapezi ya tumbo. Jike hana. Na kwa papa nako, aghalabu, mkubwa ndiye jike.

Mpwa wangu akanawa mkono mmoja, akatoa simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Akayapita meno, akazipita nyuso zao nne zinazocheka, akateremka tumboni mpaka kwenye mapezi ya nyuma, akasimama hapo. Palikuwa laini, hapana kitu. Akamsogezea babu yake simu, babu akaitazama muda mrefu, akairudisha, akachukua tonge jingine.